Saratani ya Mapafu Inapojitokeza Kidoleni

Saratani ya mapafu ina desturi ya kusambaa mapema. Mara nyingi chembe zake hukutwa katika tezi za limfu za kifuani, katika ubongo, mifupa, ini, na zile tezi ndogo zilizokaa juu ya figo. Sehemu hizo zimezoeleka, na daktari huzichunguza bila kukumbushwa. Lakini iko safari nyingine ya ugonjwa huu, ambayo huishia katika ngozi, ufizi, musuli, utumbo mwembamba, na hata katika ncha ya kidole cha mkono.

Ili kulielewa jambo hili, inafaa msomaji aufuate mkondo wa damu. Chembe za saratani ya utumbo mpana kwa kawaida hupelekwa kwanza katika ini. Zikivuka hapo, hukutana na mishipa myembamba ya mapafu, na nyingi hunaswa humo kama makapi katika chujio. Saratani ya mapafu huanzia ng'ambo ya chujio hilo. Chembe zake huingia upande wa kushoto wa moyo, nao huzisukuma katika ateri kuu hadi kila pembe ya mwili.

Hata hivyo, kufika si kuota. Mwaka wa 1889 Stephen Paget, daktari mpasuaji wa Uingereza, alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba ini lilishambuliwa mara nyingi zaidi kuliko bandama, ingawa bandama nayo hupata damu tele. Akazilinganisha chembe na mbegu, na viungo na udongo. Mifupa ya vidole ina uboho mwekundu kidogo mno; ni udongo mkavu, na uvimbe wa namna hii mkononi ni nadra sana. Unapotokea, chanzo chake mara nyingi kuliko vingine vyote ni mapafu.

Hatari iko katika mfanano. Kidole huvimba, huwa moto na kuuma, nacho hudhaniwa kuwa kina mdudu. Hutumbuliwa, mgonjwa hupewa dawa za usaha, na wiki hupita. Pengine hata kikohozi hakijaanza. Picha ya eksirei husaidia sana: mfupa wa ncha huonekana umeliwa, ilhali maungio yaliyo jirani kwa kawaida yamesalimika, tofauti na usaha ulioingia katika maungio, ambao huharibu pande zote mbili. Uamuzi hutolewa na kipande cha nyama kinachotazamwa kwa hadubini, na kifua nacho hakina budi kupigwa picha, hasa cha mvutaji wa sigara.

Kwa wakati huo ugonjwa huwa umekwisha kuenea, na wengi huishi miezi tu. Mionzi, au kukatwa kwa kidole, huondoa maumivu. Saratani yenyewe hutibiwa kwa dawa, na siku hizi baadhi yake huchaguliwa kwa kupima mabadiliko ya jeni katika kipande kilekile kilichotolewa kidoleni.