Kasuku, Ndevu na Kalamu ya Edward Lear

Aghalabu wahakiki wa fasihi ya watoto huyachambua maneno na kuiacha michoro kama pambo tu. Hali hii humdhulumu zaidi msanii aliyejifunza mwenyewe, kwani mstari wake sahili huchukuliwa kuwa kasoro ya mtu asiyesomea kazi. Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa kurejelea michoro ya Edward Lear (1812-1888), mshairi na mchoraji Mwingereza.

Lear alilelewa London na dada yake mkubwa, Ann, aliyemfunza misingi ya kuchora. Akiwa na miaka kumi na mitano hivi alikuwa tayari anajikimu kwa kalamu. Mnamo 1830 alianza kuchora kasuku. Wengi wa wakati ule walichora ndege waliokufa na kukaushwa. Lear aliwaendea walio hai, mtunzaji akiwashika huku yeye akiwapima mabawa na miguu. Kisha aliichora picha mwenyewe juu ya jiwe la kupigia chapa. Kufikia 1832 alikuwa ametoa picha 42 za kasuku, nazo zingali zinasifiwa kwa usahihi wake.

Umahiri huu ulimfikisha Knowsley, kwa mwungwana aliyefuga wanyama wengi. Huko ndiko alikowachorea watoto vichekesho vilivyotolewa mwaka 1846 katika *A Book of Nonsense*, kwa jina la kubuni. Mwaka uo huo alimfundisha Malkia Victoria kuchora! Ni vigumu, basi, kudai kwamba mistari michache ya kitabu hicho ilitokana na kutojua.

Tuitazame kwa makini. Wahusika wengi hurusha mikono nyuma mithili ya mabawa. Husimama kwa ncha za vidole, tayari kuruka. Pua zao nazo hukaribia kuwa midomo ya ndege. Yule mzee ambaye ndege wamejenga viota ndevuni mwake si mzaha wa maneno pekee. Mkono uliowapima kasuku ndio unaompima binadamu hapa, ila sasa umeachilia manyoya na rangi, ukabakiza mkao.

Ni kweli kwamba Lear hakuridhika. Mwaka 1850, akikaribia umri wa miaka arobaini, alijiunga na shule ya Royal Academy. Hata hivyo, alichokitafuta huko kilihusu uchoraji wake wa rangi. Katika *More Nonsense* ya 1872, watu wake wangali na mabawa yale yale.