Kaburi la Mtawala na Askari Wake Huko Nyeri

Tangu zamani watawala wakuu wamejengewa makaburi makubwa, ili vizazi vijavyo vipate kuujua ukuu wao. Mashuhuri katika hayo ni kaburi la Qin Shi Huang, Kaisari aliyeziunganisha nchi za Uchina kuwa dola moja mwaka wa 221 kabla ya Kristo, akafa mwaka wa 210. Mwaka wa 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na mji wa Xi'an walifukua vipande vya sanamu za udongo wa kuchomwa. Wataalamu walipoendelea kuchimba, waliona jeshi zima la askari wa udongo, maelfu kwa maelfu, pamoja na farasi na magari ya vita. Kazi ya jeshi hilo ilikuwa kumlinda Kaisari huko kuzimu.

Nchini Kenya pia liko kaburi la mtawala aliyelala katikati ya askari wake, ila askari hao hawakufinyangwa kwa udongo. Kaburi hilo liko Mathari, karibu na mji wa Nyeri, ndani ya kanisa la ukumbusho la Wataliani lililojengwa mwaka wa 1952.

Aliyezikwa humo ni Amedeo, Duke wa Aosta, mtu wa ukoo wa wafalme wa Italia. Mwaka wa 1937 aliwekwa kuwa makamu wa mfalme katika Uhabeshi, Eritrea na Somalia ya Kitaliani. Mwezi wa Mei 1941 alizingirwa na adui zake katika mlima wa Amba Alagi, akasalimu amri. Waingereza walimleta Kenya akiwa mateka, naye akafariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942, kwa maradhi ya kifua kikuu na malaria. Alikuwa ametaka azikwe pamoja na askari wake, basi hakurudishwa kwao. Katika kuta za kanisa hilo yamehifadhiwa mabaki ya askari 676.

Hapo ndipo makaburi hayo mawili yanapotofautiana. Kaisari wa Uchina aliwafanya mafundi wamtengenezee jeshi la kumfuata kaburini. Duke alichagua kuwafuata watu wake walikolala. Hata waliokuwa adui zake walimpa heshima.

Hata hivyo, uzuri wa kaburi haufuti mambo yaliyotendwa na dola iliyomtuma aliyezikwa ndani. Italia iliivamia Uhabeshi mwaka wa 1935, ikatumia hata moshi wa sumu. Mwezi wa Februari 1937, kabla Duke hajafika huko, watu wengi wasio na silaha waliuawa katika mji wa Addis Ababa. Wengi wa Wahabeshi hao hawakuandikiwa majina yao juu ya jiwe lolote.

Nyeri yenyewe yaufahamu upungufu huo. Katika mji huo limo pia kaburi la Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki mwezi wa Januari 1941, na wageni wa nchi nyingi huja kulizuru. Lakini Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri na kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo pasipo alama. Miaka hamsini ilipita hata sanamu yake ikasimamishwa Nairobi, mwaka wa 2007. Sanamu ni heshima kubwa, lakini haitoshi kuwa kaburi ambalo mjane na watoto wangeweza kulifagia.

Basi kaburi haliwaonyeshi watu ukuu wa marehemu peke yake. Lawaonyesha pia ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumzika ipasavyo. Mwenye kuzuru Mathari na ayasome majina yaliyoandikwa, kisha awakumbuke na wale ambao majina yao hayakuandikwa popote.