Ngozi Nyeusi ya Mtoto Itazamwe Mchana

Vitabu vingi huandika kwamba surua huleta vipele vyekundu. Mama wa Nassa, wilayani Busega, akimvua mwanawe shati, wekundu huo anaweza asiuone kabisa. Kwenye ngozi nyeusi vipele huweza kufanana na ngozi yenyewe au kuizidi weusi kidogo, na kiganja huvigundua kabla ya jicho. Homa, kikohozi, mafua na macho mekundu ndivyo humkamilishia habari.

Kwa miaka mingi picha za kufundishia madaktari zilikuwa za ngozi nyeupe. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari jijini London mwenye asili ya Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu cha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi. Karibu na nyumbani, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa nchi mbalimbali za Afrika tangu miaka ya 1990.

Manjano ya mtoto mchanga ndiyo hufichika zaidi. Asogezwe mlangoni penye mwanga wa mchana, atazamwe weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano yakionekana ndani ya saa 24 tangu azaliwe, hiyo ni dharura. Baka la bluu matakoni ni jambo jingine: amezaliwa nalo, litafifia, na yaya asisingiziwe kuwa amempiga.

Mabaka meupe mashavuni huzua hofu kubwa, ingawa mengi ni ukavu tu. Mafuta ya mgando husaidia, na rangi hurudi taratibu baada ya miezi. Baka la kuogopwa ni lile lenye ganzi. Nassa pamba haikosi: isokotwe ncha nyembamba, mtoto afumbe macho, aguswe polepole ndani na nje ya baka, aonyeshe kwa kidole palipoguswa. Akikosa kuhisi ndani ya baka, apelekwe zahanati, kwani huenda ni ukoma. Unatibika, na dawa zake ni bure.

Mapunye ya kichwani huhitaji vidonge, kwa kuwa krimu haifiki kwenye mizizi ya nywele. Krimu kali zenye steroidi huchubua ngozi, huikondesha na kuwaficha fangasi huku wakienea. Mzazi, usimpake mtoto krimu ya jirani. Mpeleke kwanza akapimwe.