MRI: Mashine Inayosikiliza Maji ya Mwilini

Safari hii tuanzie kwenye benchi la wagonjwa. Umemsindikiza mama yako kutoka Kibosho hadi hospitali ya rufaa mjini Moshi, maana mgongo unamsumbua tangu alipoteleza kwenye mteremko akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe. Daktari amempima, amemgonga magoti kwa kinyundo, kisha ameandika herufi tatu kwenye karatasi: MRI. Mkiwa nje, mgonjwa mmoja anaichungulia ile karatasi na kutikisa kichwa. "Hiyo si ni mashine ya nyuklia? Inamchoma mtu kwa ndani!" Mama anaikunja karatasi, anaifunga kwenye pindo la kanga, anasema, "Mwanangu, twende zetu nyumbani."

Hapo sasa wewe ndiwe msomi wa familia. Utamwambia nini?

Yule mgonjwa amekosea, lakini neno lenyewe hakulitunga. Wanasayansi waliogundua jambo hili waliliita kwa herufi NMR, na ile N ni ya nyuklia kweli. Ila nyuklia maana yake ni kitu kinachohusu kiini cha atomu, basi. Kiini unacho wewe, anacho mama, kimo hata kwenye ndizi za mtori. Hospitali zilipoanza kuitumia mbinu hii, ile N ilitupwa, kwa sababu mgonjwa akisikia nyuklia anakumbuka bomu la Hiroshima. Ndipo zikabaki herufi MRI. Hakuna kinacholipuka humo ndani, na hakuna mionzi kama ya eksirei.

Sasa mashine inafanyaje kazi? Chukua pia, ile ya mti unayoichezesha kwa kamba. Ikizunguka kwa kasi husimama wima. Ikianza kulala upande haianguki papo hapo: kichwa chake huchora duara taratibu huku pia yenyewe ikiendelea kuzunguka. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wako ni maji, na kila chembe ya maji ina atomu mbili za haidrojeni. Kiini cha haidrojeni ni protoni moja tu, nayo ina tabia ya sumaku ndogo inayozunguka kama pia. Kwa kawaida hizi pia zimeelekea kila upande, kila moja na lwake. Ukimlaza mtu ndani ya sumaku kubwa, zile zinazoelekea upande wa sumaku huwazidi wenzao kwa idadi ndogo sana, na zote huchora yale maduara kwa mwendo mmoja.

Mwendo huo unategemea nguvu ya sumaku. Nguvu hii hupimwa kwa kizio kinachoitwa tesla. Kwa kila tesla 1, protoni huchora duara kama mara milioni 42.6 kwa sekunde moja. Mashine nyingi za hospitali zina tesla 1.5, yaani zaidi ya mara 40,000 ya ile sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira hapa Moshi. Piga hesabu mwenyewe: unapata kama milioni 64 kwa sekunde, au megahezi 64. Angalia kwenye redio yako. FM inaanzia megahezi 88. Kumbe tunazungumzia mawimbi ya redio, jamaa wa karibu kabisa wa yale yanayokuletea muziki na matangazo ya vifo!

Umewahi kumsukuma mdogo wako kwenye bembea? Ukisukuma ovyo ovyo bembea haiendi popote. Ukisukuma kila inaporudi, kwa wakati wake, inapanda juu kwa nguvu kidogo tu. Ndivyo mashine inavyofanya. Hutuma wimbi la redio lenye mwendo uleule wa protoni, nazo hupokea nguvu na kulala upande. Kisha redio huzimwa. Protoni hurudi taratibu zilipokuwa, na zikiwa njiani hutoa mawimbi yao dhaifu sana ambayo mashine huyasikiliza. Maji yaliyo kwenye ubongo hayarudi kwa kasi ileile ya mafuta, wala sehemu iliyovimba si sawa na sehemu nzima. Tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa weusi na weupe kwenye picha.

Lakini mashine inajuaje kwamba sauti hii imetoka mgongoni na ile imetoka tumboni? Hapa fikiria mlima wetu. Mtu akikwambia amesimama kwenye mahindi na alizeti, unajua yuko chini tambarare. Akisema migomba na kahawa, unajua amepanda. Akisema ameuvuka msitu na sasa anaona vichaka vifupi na baridi inamtafuna, huhitaji kumuuliza yuko wapi. Mashine nayo huweka mteremko: hufanya sumaku iwe kali kidogo upande mmoja na hafifu kidogo upande wa pili, hivyo protoni za kila mahali zinakuwa na mwendo wao, na mwendo huo unataja mahali. Wazo hili alilitangaza Paul Lauterbur wa Marekani mwaka 1973. Yeye na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. NMR yenyewe ni ya zamani zaidi: Felix Bloch na Edward Purcell walikuwa wameshapata Nobel yao mwaka 1952, tena kwa fizikia, si kwa utabibu. Hadi leo wanakemia huitumia kujua atomu zimepangwaje ndani ya dawa, au ndani ya utomvu wa gome la mti unaosifiwa kijijini kuwa unatibu.

Turudi kwa mama. Mwambie haungui. Ila kuna jambo la hatari, na hili wengi hawalijui: ni chuma. Sumaku ya mashine ya kawaida haizimwi kila siku jioni. Ipo kazini usiku na mchana, hata umeme ukikatika, hata chumba kikiwa kimya na giza. Mwaka 2001 huko Marekani mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya mashine alipoteza maisha baada ya mtungi wa oksijeni kuingizwa chumbani na kuvutwa na sumaku. Kwa hiyo funguo, mkanda, simu, sarafu, hereni, vibanio vya nywele, wigi lenye vibanio, sidiria yenye waya, vyote vinabaki nje. Hirizi yenye chuma nayo ibaki nje, wala usione haya kuitaja. Wahudumu wameona mengi.

Chuma kilichomo mwilini ndicho kinachohitaji kusemwa mapema zaidi. Mtu aliyewekewa chuma baada ya ajali ya bodaboda, mwenye betri ya moyo, mwenye kitanzi, mwenye kipande cha risasi, lazima aseme kabla ya kuingia. Si kwamba wote watakataliwa. Vyuma vingi vya kisasa havina shida, lakini anayeamua ni mhudumu, na hawezi kuamua asichokijua. Mjamzito naye aseme. Na kama mjomba wako ni fundi wa kuchomelea mageti, mkumbushe: chembe ya chuma iliyowahi kumwingia jichoni inaweza kusogea ndani ya sumaku na kuliharibu jicho. Akiisema, atapigwa eksirei ya macho kwanza.

La mwisho ni makelele. Mashine inagonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo, kwa dakika 20 hadi 60, na mgonjwa anatakiwa kutulia tuli. Atapewa vizibo vya masikio na kitufe cha kubonyeza akizidiwa na woga. Mama akijua haya kabla, ataingia. Asipojua, ataikunja tena karatasi yake na mgongo utaendelea kuuma.

Pengine utauliza: kama ni kitu kizuri hivyo, mbona ni hospitali chache zinazo? Jibu moja ni baridi. Ile sumaku kubwa ni waya unaopitisha umeme bila ukinzani, na waya huo hukubali tu ukiwa kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Mashine nyingi hupozwa kwa heliamu ya maji, zaidi ya lita 1,000, na heliamu ni ghali. (Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Rukwa, hapa kwetu, lina hazina kubwa ya gesi hiyo. Gesi kuwa ardhini na gesi kuwa kwenye mtungi ni mambo mawili tofauti.) Ongeza bei ya mashine, chumba maalumu, umeme usioyumba na fundi wa kuitengeneza, utaelewa kwa nini wagonjwa husafiri mbali.

Ndiyo maana habari ya Mbarara, Uganda, inafaa kusikiwa na kila mwanafunzi wa fizikia. Kuna watoto wachanga ambao maji hujaa ndani ya ubongo na kichwa kinakuwa kikubwa. Kwa Uganda wengi wao hupata tatizo hili baada ya maambukizi wakiwa wachanga. Daktari anatakiwa kuona maji yako wapi kabla ya kupasua na baada ya kupasua. Kipimo cha CT kinaonyesha, lakini kinatumia mionzi ya eksirei, na si vizuri kukirudia rudia kwa mtoto mchanga. MRI kubwa nayo haipatikani. Mhandisi wa Uganda, Johnes Obungoloch, wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, pamoja na wenzake wa Uholanzi na Marekani, wakachagua njia nyingine: sumaku hafifu ya tesla 0.05 tu, isiyohitaji heliamu hata tone, iliyoundwa kwa vipande vidogo vya sumaku vilivyopangwa katika pete 23.

Mwaka 2022 vifaa vilifika kwa ndege vikiwa vipande vipande. Wakufunzi walikuwa 4, na watu 6 ambao hawakuwa na mafunzo ya kazi hiyo. Walizipanga sumaku moja moja, wakasuka nyaya, wakaunda kitoroli cha alumini. Kuanzia mzigo ulipofika hadi picha ya kwanza zilipita kama siku 11. Siku 11, bwana! Picha zake hazina ukali wa mashine kubwa, na mgongo wa mama hauingii humo. Lakini maji kwenye kichwa cha mtoto yanaonekana, na hilo ndilo lililokuwa linatafutwa. Michoro ya mashine za namna hii imewekwa wazi kwenye intaneti, bure, kwa yeyote mwenye kichwa cha kuifuata.

Nafasi zako ziko wapi? Usiitupe fizikia, hata kama mwalimu anakwenda kasi. Chuo cha Ufundi Arusha, saa mbili kutoka hapa, hufundisha ufundi wa vifaa tiba. Muhimbili, Dar es Salaam, ina shahada ya uhandisi wa vifaa hivyo. Wapo wanaohitajika kuendesha mashine, kusoma picha, na kuandika programu za kompyuta zinazosafisha picha hafifu. Hii ya mwisho inahitaji hisabati zaidi kuliko pesa. Watafiti wa MRI barani Afrika wana mtandao wao, CAMERA, wenye kazi ya kufundisha na kuunganisha watu wa fani hii.

Na ukiingia kwenye maabara za NMR utakuta jina la Mtanzania limeshatangulia. Mwaka 1963, Erasto Mpemba akiwa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza swali hilohilo mgeni kutoka chuo kikuu, Denis Osborne, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alikwenda kupima. Makala yao ilitoka mwaka 1969, wakati Mpemba anasoma chuo cha wanyamapori Mweka, hapo juu tu kwenye mteremko wetu. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima maji na kusema hawakuliona jambo hilo. Lakini mwaka 2025 wenzao wa Pune, India, waliripoti kuona jambo la jamii hiyo kwenye viini vya atomu: vilivyokuwa mbali zaidi na utulivu vikawahi kutulia. Chombo walichotumia ni NMR.

Sasa jipime. Mashine ya Mbarara ina tesla 0.05: protoni zake huchora duara mara ngapi kwa sekunde, na je, ziko kwenye FM au chini yake? Kwa nini mtungi wa oksijeni wa chuma hauingizwi kwenye chumba cha MRI hata umeme ukiwa umekatika? Na mwisho, muulize fundi mmoja wa kuchomelea mtaani kwenu kama amewahi kuingiwa na chembe jichoni, kisha mweleze kwa nini umeuliza.