Kufundisha Jedwali la Elementi kwa Nafasi Iliyo Wazi

Mwanafunzi wa darasa la juu aweza kumwuliza mwalimu hivi: "Tumesoma kwamba sodiamu ikitiwa majini huchachamaa, na pengine huwaka. Chumvi ina sodiamu. Mbona basi haiwaki ndani ya mchuzi?" Mwalimu aliyekariri majina ya elementi atamnyamazisha mtoto huyo. Mwalimu aliyelielewa jedwali atalipokea swali kwa furaha. Madhumuni ya makala haya ni kumsaidia mwanachuo awe mwalimu wa namna hii ya pili.

Jedwali lenyewe lilitokana na kazi ya kufundisha. Dmitri Mendeleev, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg, Urusi, alikuwa akiwaandikia wanafunzi wake kitabu alipotafuta njia ya kuzipanga elementi 63 zilizojulikana siku zile. Mwaka 1869 alizipanga kwa kufuata uzito wa atomu, akaona kwamba tabia zinazofanana hurudi tena na tena. Alipokosa elementi ya kufaa mahali fulani, aliacha nafasi wazi, kisha akatabiri tabia za elementi ambayo ingekuja kuijaza. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aligundua galiamu, akapata densiti ya 4.7. Mendeleev alisema ilipasa kuwa karibu 5.9. Metali hiyo iliposafishwa vema na kupimwa upya, ilipatikana 5.9.

Leo elementi zinazojulikana ni 118, nazo hupangwa kwa idadi ya protoni katika kiini cha atomu. Sababu ya makundi nayo twaijua: ni elektroni za tabaka la nje. Lithiamu, sodiamu na potasiamu zina elektroni moja tu katika tabaka hilo, nazo huitoa kwa urahisi. Kadiri tunavyoshuka katika kundi hili, elektroni hiyo huwa mbali zaidi na kiini na hushikwa kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo ukali wa metali huongezeka. Florini, klorini na bromini zina elektroni saba, nazo hutafuta moja ili zitimize nane. Katika kundi hili ukali hupungua tunaposhuka, kwani kiini kilicho mbali huivuta elektroni ngeni kwa nguvu ndogo. Neoni, aragoni na kriptoni zina nane kamili, ndiyo maana ni tulivu.

Twapendekeza somo lifuatalo, lisilohitaji maabara.

Kwanza, mwalimu akate kadi tisa za karatasi ngumu, moja kwa kila elementi tuliyoitaja katika aya iliyotangulia. Juu ya kila kadi aandike jina, idadi ya protoni, idadi ya elektroni za nje na tabia moja au mbili. Awaeleze wanafunzi kwamba elementi nyingine nyingi zimeachwa kwa makusudi.

Pili, aifiche kadi ya potasiamu, kisha awaagize wanafunzi wazipange nane zilizobaki kwa idadi ya protoni, wakianza mstari mpya kila baada ya elementi tulivu. Wakiziweka zinazofanana chini ya mwenzake, wataona pengo chini ya sodiamu.

Tatu, awaulize: elementi inayokosekana ina elektroni ngapi za nje? Ikitiwa majini itafanyaje? Kadi zimekwisha kuwaambia kwamba lithiamu hutoa mapovu kwa utulivu, na kwamba sodiamu huyeyuka ikawa tone linalokimbia juu ya maji. Wakishajibu na kutoa sababu, ndipo afunue kadi: potasiamu hushika moto mara moja, kwa mwali wa zambarau.

Sasa darasa lirudi kwenye swali la chumvi. Katika chumvi, sodiamu imekwisha kuitoa elektroni yake, na klorini imekwisha kuipokea. Kila moja imepata nane, wala haina tena sababu ya kuchachamaa.

Twamwonya mwalimu asijaribu kutia sodiamu au potasiamu majini mbele ya watoto. Vipande vyake huweza kuruka na kuunguza macho.

Mwishoni, mwalimu asilikemee jibu lenye kosa ikiwa lina sababu. Mendeleev naye alitabiri elementi nyingine ambazo hazikuonekana kamwe. Amwombe mtoto aonyeshe kwenye kadi alikoanzia, na darasa lifuate naye hatua kwa hatua mpaka kosa lionekane.