Somo kwa Vyama vya Msingi: Mipaka ya Mto na Maana Zake

Chama cha msingi kinapotafuta kiwanja cha ghala, wajumbe huuliza kwanza bei, kisha umbali kutoka barabarani. Swali la tatu aghalabu husahauliwa: kiwanja hicho kimo katika eneo gani la mto? Mwezi Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika katika wilaya za Rufiji na Kibiti, maji yakaingia mashambani na majumbani. Maji ya namna hiyo yakiingia ghalani, kinachooza ni jasho la kila mwanachama aliyekabidhi magunia yake. Kwa hiyo yafaa makatibu wayafahamu maneno matatu, wala wasiyachanganye.

La kwanza ni hifadhi ya ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Huu ni mpaka wa sheria. Hupimwa kwa utepe kutoka ukingoni, bila kutazama maji hufika wapi.

La pili ni ardhi hatarishi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hii ni ardhi ambayo kuiendeleza kwaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira, nayo hutangazwa na Waziri.

La tatu ni uwanda wa mafuriko, yaani ardhi tambarare inayofunikwa mto unapovuka kingo zake. Huu ni mpaka wa maji wenyewe. Katika bonde tambarare kama la Rufiji, maji huweza kuenea kilomita kadhaa. Basi aliyejenga kwenye mita ya 61 ametimiza sheria ya ukingo, lakini huenda bado yumo njiani mwa maji.

Katika kuchora ramani za uwanda huo, wataalamu hutumia kipimo kiitwacho mafuriko ya miaka 100. Maana yake si kwamba yakija leo hayatarudi mpaka karne ipite. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 katika 100 ya kutokea kwake, hata miaka miwili mfululizo. Ghala litakalodumu miaka 30 mpakani mwa eneo hilo lina nafasi 26 katika 100 za kufikiwa na maji, yaani zaidi ya robo.

Hata hivyo uwanda si ardhi ya kutupwa. Wakulima wa Rufiji hupanda mazao ya mlau maji yanapopungua, kwa unyevu ulioachwa na mto. Shamba lililozama hupandwa tena. Ghala lililozama na mazao hupoteza msimu mzima. Kugawa kila ardhi kwa kazi inayoifaa ndiyo kazi ya mpango wa matumizi ya ardhi, unaoandaliwa na Halmashauri ya Kijiji na kuidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Kabla ya kununua kiwanja, katibu aombe ramani ya mpango huo, aulize Bodi ya Maji ya Bonde kuhusu kumbukumbu za kina cha mto, na awaombe wazee wamwonyeshe maji yalipofika.

Maswali ya kujadiliwa na wanachama:
1. Ghala la chama chetu limo katika eneo lipi kati ya hayo matatu?
2. Maji yakija usiku, magunia yatahamishiwa wapi, na nani mwenye ufunguo?