Chuma Kinachozidi Mwilini Huondolewaje?

Swali: Mtoto mwenye selimundu mjini Mpanda ameongezewa damu mara nyingi. Je, damu hiyo huweza kumjazia chuma mwilini, na ipo dawa ya kukitoa?

Jibu: Huweza, kwa kuwa chupa moja ya damu hubeba takriban miligramu 200 hadi 250 za chuma, ilhali mwili hupoteza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku, hivyo ziada hujikusanya katika ini, moyo na tezi zinazotoa homoni. Ndiyo maana watafiti walitafuta kemikali zinazoibana atomu ya chuma kama gando la kaa na kuitoa kwa mkojo au choo. Deferoksamini, iliyotokana na bakteria wa udongo na kuanza kutumika miaka ya 1960, hainyonywi vizuri tumboni, hivyo hupitishwa chini ya ngozi kwa saa 8 hadi 12, karibu kila siku. Ugumu huo uliwasukuma wanakemia kubuni dawa za kumeza: deferiproni, inayoweza kushusha vibaya chembe nyeupe za damu, na deferasiroksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, ambayo humezwa mara moja kwa siku lakini hudai vipimo vya figo na ini.

Dawa hizi hazianzishwi kwa kukisia, bali baada ya daktari kuhesabu chupa alizopewa mtoto na kupima feritini, yaani protini inayohifadhi chuma. Kwa hiyo kila uongezaji damu uandikwe katika kadi yake, asipewe vidonge vya chuma bila ushauri wa daktari, wala asinyimwe damu anapoihitaji.